Kamembe Imekwisha Hamasishwa

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Novemba, Kamembe huvaa nguo ile ile. Bango la kitambaa hutundikwa juu ya barabara, vijana hugawiwa fulana zenye maandishi mgongoni, kipaza sauti hupandishwa juu ya gari, na wasemaji hupokezana maneno ambayo sisi wakazi tunaweza kuyamalizia kabla wao hawajayamaliza. Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zimeanza. Tarehe 10 Desemba zitakwisha, bango litashushwa, na fulana zitaanza kuonekana mashambani.

Sisemi haya kwa dharau. Kampeni hiyo ilianza mwaka 1991 na leo inafanyika duniani kote. Tarehe yake ya kwanza ni kumbukumbu ya akina dada watatu wa familia ya Mirabal waliouawa mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika, chini ya udikteta wa Trujillo. Tarehe yenye damu haichezewi. Lakini mimi ni mzaliwa wa Kamembe, nimehudhuria mikutano hiyo tangu shule ya msingi, na mpaka leo sijakutana na mtu mzima wa mji wetu asiyejua kwamba kumpiga mke ni kosa.

Ndiyo maana nabishana na sentensi moja ambayo karibu sote tumewahi kuiandika. Soma insha zetu juu ya ukatili wa nyumbani, utaikuta mwishoni imekaa kama muhuri: jamii ihamasishwe. Mimi mwenyewe niliiandika mwaka wa kwanza nikapata alama nzuri. Leo nairudisha. Kamembe imekwisha hamasishwa. Tatizo letu si kutojua. Tunasikia, na hatuinuki tulipokaa.

Hebu tuhesabu tunayoyajua. Tunaijua Sheria Na. 59/2008 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia, maana imesomwa mikutanoni tangu nikiwa mtoto. Sheria hiyo ilithubutu kutaja hata kumlazimisha mke tendo la ndoa kuwa kosa, jambo ambalo nchi kadhaa jirani bado zinalizunguka. Tunaijua Isange, neno la Kinyarwanda la kumwambia mgeni ajisikie yuko kwake. Kituo cha kwanza cha jina hilo kilifunguliwa Kacyiru, Kigali, Julai 2009: daktari, mpelelezi, mwanasheria na mshauri chini ya paa moja, bila malipo. Wala hatuhitaji kwenda Kigali, kwa kuwa Isange ipo katika hospitali ya Gihundwe, hapa hapa Kamembe. Tunaijua namba 3512 ya polisi. Tunaujua umugoroba w'ababyeyi, ile jioni ya wazazi ambako mambo ya familia huzungumzwa. Tunawajua Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, wawili kila mudugudu, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja.

Pamoja na kujua kote huko, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2019-20 ulikuta kwamba asilimia 46 ya wanawake walioolewa au waliowahi kuolewa wamewahi kutendewa ukatili na mume au mwenzi, wa mwili, wa kingono au wa maneno na vitisho. Karibu nusu. Simama asubuhi karibu na daraja la Rusizi, watazame akina mama wakivuka kwenda Bukavu na beseni za nyanya na sambaza vichwani, kisha hesabu: huyu ndiyo, huyu hapana, huyu ndiyo, hivyo hivyo karibu mpaka mwisho wa mstari.

Naomba nisimulie nilichokiona, kwa kuwa hoja yangu imetoka huko, haikutoka maktaba.

Tulikuwa tumepanga katika ua mmoja wenye vyumba vinane, mlango ukitazama mlango, bomba moja katikati. Mama yangu alikuwa mmoja wa wavukao daraja. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na mwezi Juni, wilaya nyingine zilipokuwa zikifunguliwa, Rusizi ikafungiwa upya. Biashara ya Mama ikasimama. Baba wa chumba cha tatu alikuwa dereva wa pikipiki. Pikipiki nazo zikasimama. Watu wa vyumba vinane tulikuwa ndani mchana na usiku, kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusema hakuwepo.

Usiku mmoja tulisikia kitu kizito kikianguka kwa jirani, kisha sauti ya mkewe ikiuliza, "Nimekosa nini?" Aliuliza mara tatu. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa tofali moja. Baba yangu alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Hakusema neno. Nami, kijana wa miaka kumi na sita mwenye daftari la uraia mbele yake, nilifurahi kwamba redio imeongezwa.

Asubuhi Mama alimpelekea yule mwanamke uji, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kukandia jicho. Alikaa naye kitambo. Alipokuwa akitoka nilimsikia akimwambia pale mlangoni maneno ambayo binti yeyote wa Rwanda ameyasikia: niko zubakwa. Ndivyo nyumba zinavyojengwa. Aliyasema kwa huruma, na hilo ndilo lililonikaa moyoni zaidi. Mama yangu si mtu mbaya. Alikuwa anampa alichopewa yeye.

Baada ya wiki kama mbili hivi, saa saba za usiku, mtu akapiga yowe la mwizi. Milango yote minane ilifunguka kabla sijapata viatu. Huyu ana fimbo, huyu ana mchi, huyu anamulika kwa simu. Irondo, walinzi wa usiku wa mtaa, walifika mbio. Na aliyewatangulia wote, kifua wazi, gongo mkononi, alikuwa baba wa chumba cha tatu. Mwizi alikuwa amechukua sufuria mbili na ndoo.

Sufuria mbili na ndoo! Wasomaji wenzangu, pimeni wenyewe. Mkewe alipiga kelele mara ngapi mwezi ule, na ni milango mingapi iliyofunguka? Basi msiniambie watu wa Kamembe hawana moyo wa kuitikia. Wanao. Zamani yowe hilo liliitwa induru, na kuisikia induru ukabaki kitako ilikuwa fedheha. Desturi hiyo haijafa. Imechagua tu wa kumwitikia, na imemchagua mwenye sufuria.

Yule mwanamke alikwenda hospitali mara moja, sikio la kushoto likiwa limeacha kusikia. Alirudi akatuambia amemweleza muuguzi kwamba aliteleza bombani. Ua mzima tulijua kwamba siku ile bomba lilikuwa kavu. Baadaye alikimbilia kwa wazazi wake, jambo ambalo Kinyarwanda kina neno lake maalumu, kwahukana, kana kwamba ni hatua ya kawaida ya ndoa kama mahari au ubatizo. Haukupita mwezi. Mume alikwenda na wazee wawili na pombe ya ndizi, wakaketi, wakanywa, wakamcheka kidogo huyo mume, naye akainamisha kichwa kama inavyotakiwa, na mke akarudishwa. Baba mzazi wa mke alikuwa mjumbe wa kamati ya mudugudu wake. Kila mtu aliyekaa kwenye kikao kile alikuwa amehamasishwa. Ua ulimpokea kwa vigelegele, na Mama yangu alikuwa miongoni mwa waliopiga.

Sisi watu wa Kamembe tuna jambo jingine linalotuumbua. Ng'ambo ya mto iko Bukavu, na Bukavu ina hospitali ya Panzi aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, ambaye mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Tumekua tukisikia habari za wanawake wanaotibiwa pale. Tukizitaja sauti zetu hubadilika. Tunasema unyama, tunasema laana. Ni sawa kabisa. Lakini mkono ule ule ukivaa pete ya ndoa badala ya gwanda, tunaanza kusema taratibu: "mambo ya mtu na mkewe." Kwa nini adui akimvunja mwanamke tunaita uhalifu, na mume akimvunja tunaita ugomvi?

Neno hilo ugomvi linahitaji tulitazame, maana sisi ni wanafunzi wa Kiswahili na hapa tuna kazi ambayo wanasheria hawataifanya kwa niaba yetu. Muulize jirani kilichotokea jana usiku. Atakujibu: "Waligombana." Au: "Walipigana." Kauli ya kutendana! Tulifundishwa kwamba kiambishi -an- kinaonyesha watu wawili wanatendeana jambo lile lile. Mmoja ana jino limetoka, mwingine ana ngumi imechubuka, na sarufi inawagawia kosa nusu kwa nusu. Kiambishi kimoja kimekwisha toa hukumu kabla polisi hajaamka.

Sasa soma bango. Bango linasema: wanawake wasinyanyaswe, watoto wasipigwe. Kauli ya kutendwa. Wasinyanyaswe na nani? Kiswahili kinaturuhusu kumtaja mtenda kwa "na", lakini sijaona bango lililomtaja. Mwanamke ananyanyaswa kama vile mtu anavyonyeshewa na mvua. Basi mtaani tuna kauli inayowafanya wote wawili kuwa watenda, na kwenye bango tuna kauli isiyo na mtenda kabisa, na mume mwenye gongo anapita katikati yao bila kuguswa. Kauli ya kutenda ipo, ni fupi, na mtoto wa darasa la kwanza anaijua: amempiga. Nawaomba wanaoandika maneno ya mabango, ambao baadhi yao wamesoma katika idara kama yetu, waijaribu mwaka mmoja tu.

Na wahadhiri wetu waniwie radhi kwa hili. Katika kipindi cha methali tulisoma kwamba mke hupigwa kwa upande wa kanga. Tukaelezwa maana yake, kwamba ni kumrudi kwa upole, tukacheka, tukaendelea na methali iliyofuata. Sisemi ifutwe, methali ni kumbukumbu ya watu, na kuifuta ni kusema uongo juu ya wazee wetu. Nasema tusiipite mbio mbio. Darasa lile lilikuwa na wasichana wengi. Mmoja wao hakucheka. Nilimwona, na sikumuuliza kitu.

Najua majibu yanayosubiri. La kwanza ni kwamba watu hawana elimu. Nalipinga bila kusita, kwa kuwa linatupendeza mno sisi tuliosoma. Mwalimu hupiga, mhasibu hupiga, mwenye shahada hupiga na mlango wake ni wa chuma kwa hiyo husikiki.

La pili ni umaskini, na hili lina uzito zaidi. Sikatai kwamba mwaka ule wa korona njaa iliwapa hasira wanaume wengi wa Kamembe, wala sikatai kwamba mwanamke asiye na fedha yake hana pa kwenda. Lakini njaa ile iliingia vyumba vyote vinane siku moja. Wanaume waliopiga walikuwa wawili. Sita walikaa na njaa yao kama watu. Tena mke wa chumba cha tatu alipigwa hata mpaka ulipofunguliwa akaanza kurudi na fedha kutoka Bukavu; safari hii kosa lake lilikuwa kuzificha. Fedha ikikosekana anapigwa, ikipatikana anapigwa. Umaskini unaweza kuwa kuni, lakini kuni haziji zenyewe jikoni.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini, baada ya mkutano: sheria hizi zimewapa wanawake kiburi na zimevunja ndoa. Tangu sheria ya 1999 iliyompa binti haki ya kurithi, wengine wanahesabu kila talaka kama hasara iliyoletwa na bunge. Jibu langu ni fupi. Ndoa ya chumba cha tatu haikuvunjika; sikio ndilo lililovunjika. Kama hiyo ndiyo ndoa inayolindwa, basi semeni wazi kwamba mnalinda mlango, si walio ndani.

Na ndiyo, wapo wanaume wanaopigwa na wake zao, nao hunyamaza kwa aibu kuliko wanawake. Sheria inawahesabu. Jirani anayegonga mlango atawafaa wao pia.

Kugonga mlango. Hapa nataka kukaa kidogo, maana hoja yangu haiishii kwenye kulaumu.

Huko Kampala shirika la Raising Voices lilibuni mbinu ambayo liliipa jina kwa kuazima neno la Kiswahili: SASA. Hawakuanza na kipaza sauti. Walichukua watu wa kawaida wa mitaa, wakawafunza, kisha watu hao wakazungumza na majirani zao mlangoni, kwenye duka, kwenye kijiwe, si juu ya sheria kwanza bali juu ya nguvu: nani anayo nyumbani, anaitumiaje. Jambo hilo lilichukua miaka, si siku 16. Utafiti uliofanyika kati ya 2007 na 2012 katika maeneo manane ya Kampala ulilinganisha mitaa yenye mbinu hiyo na isiyo nayo, na ukakuta kwamba katika mitaa ya SASA ukatili wa mwili kutoka kwa mwenzi ulikuwa chini kwa kadiri ya asilimia 52.

Kwetu Rwanda kuna ushahidi unaofundisha kwa njia mbili. Mpango wa Bandebereho uliwaketisha wanaume pamoja na wake zao katika wilaya nne, wanandoa karibu 1,200 wakiwa ndani ya utafiti, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba wanawake wa kundi lililofunzwa walipigwa mara chache zaidi kuliko wenzao. Mpango wa Indashyikirwa, uliofanyika kati ya 2014 na 2018 katika mikoa ya Mashariki, Kaskazini na Magharibi, nao uliwafunza wanandoa kutoka vikundi vya kuweka akiba, kwa masomo zaidi ya ishirini. Ukatili kati ya wanandoa hao ulipungua. Lakini mpango ule ulikuwa na sehemu ya pili, kuamsha jamii nzima iliyowazunguka, na hapo utafiti haukukuta mabadiliko katika jamii kwa jumla. Mtu anaweza kunigeuzia hilo: unaona, majirani hawabadiliki. Mimi nalisoma vingine. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya jamii ilipita katika mikutano ile ile tuliyoizoea, umuganda na jioni ya wazazi, watu wengi wamekaa, mmoja amesimama. Kampala walikwenda mlangoni. Sisi tuliita mkutano. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si wa takwimu, na wanaojua zaidi wanisahihishe. Ila nimekaa kwenye mikutano hiyo tangu utoto na najua jinsi mtu anavyoweza kupiga makofi huku akifikiria sambaza zake.

Mfano ninaoupenda zaidi umetoka India. Mwaka 2008 shirika liitwalo Breakthrough lilianzisha kampeni ya Bell Bajao, yaani piga kengele. Katika matangazo yake ya televisheni mwanamume anasikia kipigo kwa jirani. Anasita. Kisha anakwenda, anabonyeza kengele ya mlango, na mpigaji anapofungua anaomba kitu kidogo tu, kama maziwa. Hahutubii. Hatishi. Anaomba maziwa, na yule aliyefungua anaelewa kwamba ametambuliwa. Ngumi imekwisha katizwa.

Kamembe hatuna kengele, na maziwa ni ghali. Lakini chumvi huombwa saa yoyote na hakuna anayeweza kukunyima bila kujionyesha. "Hodi, jirani, naomba chumvi." Nani wetu hajawahi kuisema sentensi hiyo? Wala si hisani tunayofanya. Sheria ile ya 2008 tunayoisoma mikutanoni ilitaja pia kuwa ni kosa kukataa kumsaidia aliyetendewa ukatili au kukataa kushuhudia. Kifungu hicho sijawahi kukisikia kikisomwa kwenye kipaza sauti. Siku zote tunamwambia yeye apige simu, avunje ukimya, ajitokeze. Mtu ameshikwa shingo, nasi tunamhimiza avunje ukimya! Ukimya aliuvunja zamani. Aliuvunja kwa kelele tatu, na sisi tukaufunika kwa redio.

Likizo iliyopita nilimweleza Mama habari za chumvi. Tulikuwa tunachambua sambaza, mpaka umefunguliwa siku nyingi na amerudi kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nikigonga akanipiga mimi?"

Sikuwa na jibu, na sitajifanya hapa kwamba ninalo lililokamilika. Wapo waliopigwa kwa kuamua ugomvi wa watu. Nilimwambia asiende peke yake; mwizi hawamkabili peke yao. Milango minane ikienda kuomba chumvi kwa pamoja, huyo si jirani tena, ni irondo. Akacheka. "Watu wanane, chumvi ya nini?" Kisha akanyamaza, akaendelea na sambaza, na baada ya muda akasema, bila kuniangalia, kwamba angalau angemwambia Baba aende naye. Baba alikuwa anasikia. Hakusema kitu.

Sikumlaumu, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuwaachia ninyi wanafunzi wenzangu, kwa kuwa mpaka hapa mmeweza kusoma kana kwamba habari hizi ni za ua wa Kamembe na watu wasiosoma. Muhula uliopita, katika bweni moja ninalolijua, usiku wa kuamkia mtihani, msichana alikuwa akipigwa makofi na mpenzi wake kwenye ujia. Nilimsikia akiuliza swali lile lile nililolisikia nikiwa na miaka kumi na sita. Taa zilikuwa zinawaka vyumbani, vitabu vimefunguliwa, simu zina salio, na namba 3512 imebandikwa ukutani karibu na ngazi. Ujia ule una milango kumi na minane. Kesho yake nilirudi nikaihesabu. Wangu ni wa tano ukitoka ngazini, na chumvi ilikuwepo mezani.